Mchemraba Unaoficha Rangi Zake: Miezi Mitano na Fumbo Linalosomwa kwa Joto la Kiganja

Ukiwa juu ya meza, mchemraba huu hauna rangi hata moja. Vigae vyake vyote 54 ni vyeusi, vimepangwa tisa tisa katika nyuso sita, na mgeni mmoja aliyeukuta sebuleni kwangu aliuchukua akidhani ni kifaa cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Alipoushika kwa sekunde tano hivi, weusi ulianza kuyeyuka chini ya vidole vyake, na pale pale alipogusa pakajitokeza kigae kimoja cha kijani, viwili vyekundu na kimoja cheupe. Alipourudisha mezani ili auangalie vizuri, rangi zile zilififia moja baada ya nyingine mpaka mchemraba ukawa mweusi tena. Hilo ndilo fumbo lenyewe: ni mchemraba ule ule wa safu tatu ambao wengi wetu tunaufahamu, unaozungushwa mpaka kila uso uwe na rangi moja, isipokuwa mchezaji haoni ila kile alichokipasha joto kwa mkono wake.

Niliununua mwezi wa Februari katika duka moja la vifaa vya kuchezea huko Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 38,000. Aina hii inajulikana zaidi kwa jina la Rubik's Phantom, ambalo hutumiwa na kampuni ya Spin Master ya Canada, mmiliki wa chapa ya Rubik tangu mwaka 2021. Ninaouzungumzia hapa si huo, bali ni wa mtengenezaji ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye kasha, na kila ninachokisema kuhusu ubora wake kichukuliwe kuwa ni cha kifaa hiki kimoja nilichonacho. Mimi mwenyewe nimekuwa nikipanga mchemraba wa kawaida kwa miaka tisa, na wastani wangu ni sekunde 40, kiwango cha mtu anayeupenda mchezo bila kuushindania.

Ernő Rubik, mwalimu wa usanifu mjini Budapest, alipounda mchemraba wake wa kwanza mwaka 1974, alimpa mchezaji taarifa zote tangu mwanzo. Mtu akiugeuza mara mbili tatu mkononi amekwisha kuviona vigae vyote, na ugumu unaobaki ni kutafuta njia katikati ya mipangilio 43,252,003,274,489,856,000. Mwaka 2010 Tomas Rokicki na wenzake watatu walithibitisha kwa kompyuta kwamba hakuna mpangilio hata mmoja, kati ya hiyo yote, unaohitaji zaidi ya hatua 20 ili kutatuliwa. Mchemraba wangu mweusi una mipangilio ile ile na hatua zile zile 20, lakini kwake ugumu unaanza mapema zaidi, kabla hata ya kuzungusha uso mmoja, kwa sababu mchezaji hajui yuko wapi. Nimeona watu wakiuita mchemraba wa mapambo kwa kuwa hatua za kuutatua hazikubadilika. Sikubaliani nao. Kilichobadilishwa ni kuona, na kuona ndiyo nusu ya mchezo ambayo sisi wachezaji wa zamani tumeizoea kiasi cha kusahau kwamba ipo.

Siri ya weusi huo ni wino unaobadilika kwa joto, ndugu wa ule unaopakwa kwenye vikombe ambavyo picha hujitokeza chai ya moto ikimiminwa. Ndani ya wino huo mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na katika kila kifuko mna vitu vitatu: rangi, asidi dhaifu, na mafuta yaliyoganda. Mafuta yakiwa yameganda, rangi na asidi hushikamana na macho yetu huona weusi. Yakiyeyuka, viwili hivyo hutengana, weusi hutoweka, na rangi halisi ya kigae iliyo chini yake huonekana kana kwamba kioo kimefutwa ukungu. Mafuta yakiganda tena, weusi hurejea. Jambo ambalo kasha halikulieleza, nami nililigundua kwa kutumia, ni kwamba wino wa namna hii hauna mlango mmoja wa kuingilia na kutokea: joto linaloondoa weusi ni kubwa kidogo kuliko joto linaloruhusu weusi urudi. Ndiyo maana kigae kilichokwisha kufunguka hubaki wazi kwa muda hata baada ya kidole kuondoka, na muda huo mfupi ndio mtaji wote wa mchezaji.

Hapo ndipo hali ya hewa ya kwetu inapoingia. Siku niliyoununua, saa tisa alasiri, Dar es Salaam ilikuwa katika joto lake la Februari, na nilipoutoa kwenye kasha nyumbani nilikuta umekwisha kufunguka wenyewe. Nyuso zote sita zilikuwa na rangi, za kijivujivu kidogo lakini za kusomeka bila taabu. Niliukasirikia, nikidhani nimeuziwa kitu kibovu. Kumbe hapakuwa na kosa lolote. Ngozi ya kiganja huwa na joto la nyuzi 33 hivi, na wino umetengenezwa ili ufunguke karibu na kiwango hicho. Chumba chenye nyuzi 32 kinaukaribia mkono kiasi kwamba wino hauwezi kuvitofautisha. Nilipouweka mbele ya feni haukubadilika sana, kwa maana feni husukuma hewa ile ile. Ulipokaa dakika kumi katika chumba chenye kiyoyozi ndipo ulipokuwa mweusi kabisa. Kwa hiyo msomaji wa Tanga, Mombasa au Zanzibar ajue tangu sasa kwamba kuanzia Desemba hadi Machi fumbo hili litakuwa la usiku wa manane na alfajiri, au la ofisini penye kiyoyozi. Mchana wa kawaida atakuwa amenunua mchemraba wa rangi zilizopauka.

Mwezi wa Juni nilikwenda nao Njombe kwa wakwe zangu, mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na ambako asubuhi za majira hayo nyasi huamka na umande wa barafu. Huko nilikutana na kifaa kingine kabisa. Vidole vyangu vilikuwa baridi, na nilihitaji karibu nusu dakika kufungua vigae vitatu, ambavyo vilijifunga kabla sijamaliza kufikiri. Baba mkwe aliyekuwa akinitazama alinisogezea kikombe na kusema, "Mwanangu, huo hauchezwi kabla ya chai." Alikuwa na haki. Nilipokikumbatia kikombe kwa viganja vyote viwili kwa dakika moja, kisha nikauchukua mchemraba, nyuso zilifunguka vizuri kuliko nilivyowahi kuona Dar es Salaam, na weusi uliozizunguka ulikuwa wa kina, usio na ukijivu. Naamini Njombe, Lushoto, Limuru na Bukavu ndiko kifaa hiki kinakoonyesha uwezo wake wote. Nawaomba tu wakazi wa huko wasikisogeze karibu na jiko la mkaa ili kukiharakisha, kwani joto kali huviharibu vile vifuko vya wino, na vikiharibika havirekebishiki.

Sasa nije kwenye kuupanga, ambako ndiko nilikotumia muda wangu mwingi na ambako nina mengi ya kueleza. Mara ya kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani kila mzoefu atalifanya: nilijaribu kuuona mzima. Nilikuwa nikiubana kati ya viganja viwili kwa sekunde kumi, nikisoma nyuso mbili zinazotazamana, kisha nikiugeuza na kubana nyingine mbili, kisha mbili za mwisho. Kila nilipofika kwenye jozi ya tatu, jozi ya kwanza ilikuwa imekwisha kuzama, na mimi sikukumbuka ila vipande vitatu vinne. Nilimaliza kwa dakika 17. Wale wanaoshiriki mashindano ya kupanga kwa macho yaliyofungwa, ambayo World Cube Association, chama cha kimataifa cha mchezo huu, inayatambua rasmi, hupewa nafasi ya kuutazama mchemraba mzima kabla ya kufunika macho, na muda wa kukariri huhesabiwa ndani ya muda wao. Hapa hakuna wakati wowote ambapo unaona yote, kwa hiyo mbinu yao haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Kinachofaa ni kuuliza swali moja dogo kwa wakati mmoja na kutumia joto kwa swali hilo tu.

Swali la kwanza ni la vipande vya kati. Hivi havihami, na katika mchemraba wenye mpangilio wa kawaida nyeupe hutazamana na njano, kijani na buluu, nyekundu na rangi ya chungwa. Ukifungua viwili tu vinavyopakana, ukajua kwamba nyeupe iko juu na kijani iko mbele, basi umejua vingine vinne bila kuvigusa: nyekundu iko kulia, chungwa kushoto, buluu nyuma, njano chini. Tangu hapo sipotezi joto kwenye vipande vya kati mpaka nimalize, sharti tu nisiuweke chini wala kuugeuza ovyo. Simu ikiita katikati ya mchezo, nikiuweka mezani, basi nikirudi huanza tena na vile viwili.

Swali la pili ni la kona, na hapa kuna raha ambayo mchemraba wa kawaida haukunipa katika miaka yote tisa. Kipande cha kona kina vigae vitatu, lakini huhitaji kufungua vyote. Ukivisoma viwili kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa, cha tatu kinajulikana: nyeupe ikifuatiwa na kijani, kigae kilichobaki lazima kiwe cha chungwa; kijani ikifuatiwa na nyeupe, kilichobaki lazima kiwe chekundu. Katika mchemraba wa kawaida nilikuwa nalijua jambo hili bila kulitumia, kwa kuwa macho yalifika kabla ya akili. Kwenye huu mweusi limekuwa chombo cha kazi cha kila hatua. Vivyo hivyo, ukishazijua kona saba, ya nane huna haja ya kuigusa hata kidogo, si mahali pake wala mwelekeo wake. Ile hesabu kubwa ya mipangilio niliyoitaja mwanzoni inatokana, kwa sehemu, na tatu iliyozidishwa kwa yenyewe hadi zikawa tatu saba, wala si nane, na mbili kumi na moja badala ya kumi na mbili, kwa sababu kona ya mwisho na ukingo wa mwisho, yaani kipande chenye vigae viwili, hufuata walichoamua wenzao. Nilikuwa nimeisoma hesabu hiyo nikaiona ni ya vitabuni. Usiku mmoja nilipoacha kona moja gizani kwa makusudi, nikaupanga mchemraba, na kuikuta ile kona imekaa sawasawa ilipopaswa kukaa, niliielewa kwa vidole.

Sehemu inayochukua muda mrefu ni msalaba mweupe wa mwanzo, yaani kuzipanga kingo nne nyeupe kuzunguka kipande cheupe cha kati, kwa sababu vipande vinne vya kingo vimetawanyika kati ya kumi na viwili na hujui viko wapi. Ushauri wangu ni kutafuta nyeupe peke yake na kuzipuuza rangi nyingine zote. Pita na kidole gumba kwenye kingo za uso mmoja, ukisubiri sekunde tatu kila mahali. Ukiona nyeupe, fungua kigae cha upande wa pili, kipeleke kipande mahali pake papo hapo, kisha endelea. Safu mbili za chini, nyeupe ikiwa sasa imegeuziwa chini, zikishakamilika, hazihitaji joto tena, na theluthi mbili za mchemraba zinabaki nyeusi huku moyo ukiwa umetulia kwamba ziko sawa. Kutoka hapo safu ya juu ni nyepesi kuliko nilivyotazamia. Unafunika uso wa juu kwa kiganja kizima kwa sekunde sita, unakiinua, na vigae tisa vinakutazama kwa pamoja. Vigae vya njano vya kingo vinaweza kuonyesha maumbo manne tu, yaani nukta, pembe, mstari au msalaba, na kila mchezaji anaijua fomula ya kila umbo, yaani mfululizo wa mizunguko uliokaririwa. Wakati huo mfupi wa kuinua kiganja ndio ninaoupenda kuliko wote katika mchezo huu. Sasa, baada ya miezi mitano, wastani wangu katika chumba chenye ubaridi ni dakika 2 na sekunde 30.

Jambo moja lilinishangaza. Mpwa wangu wa miaka 11, ambaye amejifunza njia ya safu kwa safu mwaka huu na ambaye kwenye mchemraba wa kawaida humaliza kwa dakika mbili, alinizidi mara tatu mfululizo katika wiki ya kwanza. Nilimchunguza nikaona sababu. Sisi tuliojifunza kuzungusha kwa kasi tunagusa mchemraba kwa ncha za vidole tu: kidole cha shahada kinasukuma uso wa juu, gumba linakaa mbele, na sehemu kubwa ya nyuso haiguswi kabisa. Yeye huushika kwa ngumi, safu nzima ndani ya kiganja, kama anayekamua embe, na kwa kuushika hivyo anaufungua bila kukusudia. Nilipomwambia hivyo alinijibu, "Mjomba, si ndiyo unaona rangi?" Ilinibidi niyaache mazoea ya miaka na kuanza kushika upya, na hiyo ndiyo sababu nasema kifaa hiki kinamfaa mwanafunzi na mzoefu kwa kiasi sawa. Mzoefu ana fomula nyingi, lakini mkono wake umefundishwa kutogusa.

Kuhusu utengenezaji wenyewe, sifa na kasoro zake ziko wazi. Unazunguka kwa uzito kuliko michemraba ya mashindano, hauna sumaku ndani, na kona zake hukwama endapo uso haujanyooka kabisa kabla ya kuzungusha mwingine. Tone moja la mafuta ya silikoni lilipunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Uzito huo si hasara kubwa, kwa kuwa hakuna anayekimbia hapa, ila vigae ni laini mno na jasho la Dar es Salaam huvifanya viteleze. Kasoro iliyonikera zaidi ni rangi: nyekundu na chungwa zinafanana sana zinapotazamwa kupitia mabaki ya weusi, na chini ya taa ya njano ya sebuleni nimezichanganya mara nyingi, kisha kugundua kosa nikiwa nimefika safu ya juu. Taa nyeupe inasaidia. Mtu mwenye shida ya kutofautisha nyekundu na kijani sidhani kama ataufurahia, na kwake ningependekeza mchemraba wa vioo uliobuniwa na Hidetoshi Takeji mwaka 2006, ambao vipande vyake vina rangi moja na hutofautishwa kwa unene.

Kasoro ya pili ni uchakavu. Mwezi wa nne niliona kwamba vigae vitatu vilivyokuwa vikiguswa sana havirudi kwenye weusi kamili. Vinabaki na kivuli cha hudhurungi, na mimi nimekwisha kuvikariri. Nikiona kile kivuli kwenye kona najua ni kona ya njano, buluu na nyekundu kabla ya kuipasha joto, na fumbo linapungua kwa kiasi hicho. Nadhani nilichangia kuviharibu, kwa kuwa wiki mbili za kwanza niliuweka dirishani, na miale ya jua huudhuru wino wa aina hii kuliko mikono inavyoudhuru. Sasa unakaa kwenye droo, umefungwa kitambaa cheusi, na vivuli havijaongezeka. Usiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani hata kwa saa moja.

Je, bei yake inastahili? Kwa mtu anayeishi nyanda za juu, au mwenye chumba chenye kiyoyozi, na ambaye tayari anaweza kuupanga mchemraba wa kawaida hata kwa taratibu, nasema ndiyo bila kusita. Shilingi 38,000 zimenipa jioni nyingi za kufikiri kuliko michemraba mitatu ya mashindano niliyonunua kwa bei kubwa zaidi. Kwa anayetaka kujifunza mchezo kuanzia mwanzo, anunue kwanza wa kawaida wa bei nafuu, ajifunze safu kwa safu, kisha arudi kwa huu. Kwa mkazi wa pwani asiye na njia ya kupoza chumba, asubiri Juni.

Anayekwenda kuununua aende asubuhi na mapema kabla duka halijapata joto, na aombe ruhusa ya kuutoa kwenye kasha. Aweke gumba juu ya kigae kimoja cha kila uso na kuhesabu mpaka sita: rangi ijitokeze safi mpaka kwenye pembe za kigae, bila madoa. Kisha auweke juu ya kaunta na kusubiri dakika moja. Weusi urudi sawasawa pande zote. Aangalie pia nyekundu na chungwa zikiwa zimefunguka kwa pamoja, ubavu kwa ubavu, chini ya mwanga wa duka. Akishindwa kuzitofautisha hapo, nyumbani hataweza.